Mkono Usiofundishwa Kuachia

Ting.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama kijiko kilichogusa ukingo wa glasi mara moja kikanyamaza. Sumaiya aliisikia vizuri kwa sababu alikuwa macho, saa nane za usiku, stima zimepotea, feni imesimama, Ubeid ananyonya huku amelala, na Ukunda nzima iko kimya isipokuwa mbwa mmoja upande wa uwanja wa ndege. Hakushtuka papo hapo. Mtu hashtukii sauti anayoijua. Alikuwa ameisikia mchana kutwa ndani ya miwani ya kazini, mara mia na zaidi, na jambo la kwanza lililomjia, kabla hofu haijafika, lilikuwa: haya, hiyo imekubaliwa.

Kisha akakumbuka kuwa miwani iko ofisini, imefungiwa kabatini, na ufunguo anao Faith, msimamizi wake.

Ting.

Ilitoka kwenye kona, baina ya kabati la vyombo na ukuta, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ndoo ya nepi. Akapapasa simu yake. Ilikuwa imekufa chaji tangu jioni. Akainuka nusu, mtoto bado kifuani, na hapo ndipo harufu ilipomfikia: hina mbichi, iliyokorogwa sasa hivi, na nyuma yake harufu nyingine ya udongo uliochimbwa karibuni. Akavuta leso akajifunika yeye na mwanawe hadi utosini, akasoma alichoweza kusoma, akakaa hivyo jasho likimtiririka mpaka adhana ya alfajiri.

"Simu ya jirani hiyo," Shehe alisema asubuhi akivua buti. Mumewe alikuwa askari wa usiku katika hoteli moja ya Diani, na kila siku walipishana mlangoni, yeye akija kulala, mkewe akitoka. "Kuta zetu hizi, mtu akipiga chafya kule sisi huku tunapangusa pua."

"Simu ya jirani ilie kwenye kona ya kabati langu?"

"Wewe tangu uvae hilo dude la kichwani husikii sawasawa. Nimesimama getini usiku kucha, mama. Niache nilale."

"Na ile harufu ya hina?"

"Si una hina mkononi!"

"Hii ina siku tano, Shehe. Hina iliyokauka hainuki vile."

Lakini alikuwa ameshajifunika shuka. Sumaiya akasimama pale na mtoto mgongoni, amepandwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua ya kumwangukia nani, maana alikuwa na jambo la kusema akakosa pa kulianzia, na mwanzo wake, kila alipoutafuta, ulikuwa ni yeye mwenyewe.

Kazi ilikuwa ya mikono. Kampuni ya watu wa mbali, ambao hata Faith msimamizi hakuwahi kuwaona ila kwenye kompyuta, ilikodi chumba ghorofani juu ya duka la mabati na misumari, ikaleta miwani nene kama kinyago. Ukiivaa, chumba kinapotea. Unajikuta katika ukumbi mweupe usio na mwisho, mbele yako mpira mwekundu unaelea, na ukiinua mikono unaona mikono mingine ya kijivu, ya kuchorwa tu, inaifuata yako kidole kwa kidole, kwa sababu kamera zilizo usoni pa miwani zinakutazama. Hakuna kitufe wala kijiti cha kushika. Ni ishara tupu. Unauita mpira uje, unaushika, unauvuta, unauachia. Mashine ikiitambua ishara inalia ting, na kila ishara ni mara mia tatu, ili mashine ijifunze mikono ya watu wa Pwani inavyosema. Mikono ambayo mashine imeizoea, Faith alieleza, ni ya Ulaya.

Siku ya kwanza Faith, ambaye alikuwa mtu wa bara, alimwonyesha kuita kwa kiganja kilichotazama juu na kidole kimoja kinachojikunja.

"Hivyo anaitwa mbwa," Sumaiya alimcheka. "Mtu huitwa kiganja kikitazama chini. Vidole vinne vichote hewa, taratibu, vije kwako. Hivi."

"Aki nyinyi! Hata kuita mtu mpaka mfanye kama mnakaribisha harusi."

"Ndiyo adabu, dada."

Harusi ndiyo iliyoleta balaa. Ijumaa iliyopita wifi yake aliolewa, na mchoraji alimpamba Sumaiya mkono wa kulia kwa piko, ile hina nyeusi, maua mazito kuanzia kucha hadi kiwiko. Wa kushoto ulikuwa umembeba Ubeid, ambaye akiwekwa chini hulia kama aliyemwagiwa maji ya moto, basi ukabaki mtupu. Jumatatu alipoinua mkono wa kulia mbele ya miwani, mashine haikuuona. Yaani iliuona vipande. Penye ua vidole vilikatika, kidole gumba kikaruka kikakaa mahali pa kidole cha mwisho, mkono mzima ukatoweka ukarudi umepinda. Akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Akasugua kwa limau na chumvi, akasugua kwa sabuni ya mche, akarudi ngozi inamwasha, akaita. Ikalia mara moja, ikanyamaza mara tisa.

"Tumia wa kushoto basi," Faith alisema.

"Wa kushoto?"

"Si mkono ni mkono?"

"Dada Faith, mkono wa kushoto haumwiti mtu. Haumpi mtu kitu, haupokei cha mtu. Mama yangu angenitandika."

"Lakini hapa hakuna mtu, Mama Ubeid! Ni mpira!"

"Hata kama."

Faith akapiga meza. "Basi tutakaa hapa mpaka kesho! Wale wanataka rekodi zao wiki hii, nisipotuma watafunga hiki chumba, mimi nirudi kwetu na wewe urudi kufua nguo za watu. Rudia!"

Akarudia. Saa kumi na mbili jioni alikuwa na arobaini na moja kati ya mia tatu. Bega linauma, miwani imemwachia alama kwenye paji la uso, maziwa yamemvuja yamelowesha dera, na Ubeid, aliyelazwa juu ya leso kwenye kona iliyomkabili, analia kilio kile cha kukata maini. Muadhini akaanza. Nyanyake, Mungu amrehemu, aliwakanya wajukuu wote: ikifika magharibi usimwite mtu kwa mkono, sema jina lake, kwa sababu mkono hauna jina na huwezi kujua nani ameuona. Sumaiya alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alikuwa amechoka, tena amechoka kwa hasira, na hasira ikamfungua mdomo.

"Haya njoo!" alipiga kelele ndani ya ule weupe. "Yeyote! Njoo unifanyie wewe, kama mimi siwezi!"

Na mkono wake, kiganja chini, vidole vinne vikachota hewa.

Ting.

Mpira ukasogea. Ting, tena ting, mfululizo, na yeye mkono ameshaushusha. Akadhani mashine imeharibika. Halafu akauona mkono wa tatu. Ulikuwa wa kijivu kama ile mingine miwili, lakini haukutoka upande wake. Ulitoka ng'ambo ya mpira, kutoka kwenye weupe, ukimwelekea yeye, na vidole vyake vilikuwa na pingili moja zaidi. Uliita kwa adabu. Kiganja chini, taratibu, kama alivyoita yeye, hata kile kidole chake cha mwisho kisichokunjika vizuri tangu alipokifinya mlangoni utotoni, nacho kiliigwa.

Alivua miwani kwa pupa. Mbele yake palikuwa na kona tu, na Ubeid juu ya leso, amenyamaza. Alikuwa akitazama juu, hewani, anacheka.

"Hee! Umefanyaje?" Faith aliuliza kutoka kwenye kompyuta yake. "Umefika themanini! Si nilikwambia ni kuzoea tu?"

Alipaswa kusema. Hapo hapo alipaswa kusema, akambeba mwanawe akateremka zile ngazi asirudi. Lakini alifikiria mkono wake unavyowasha, na yale mia mbili na ishirini yaliyobaki, na nguo za watu, akajiambia ni mashine, ni kamera tu zimechanganyikiwa, na Jumanne akarudi, akavaa, akaweka mikono mapajani, akatulia. Kuita kukakamilika kabla ya adhuhuri. Ilipofika ishara ya kushika alionyesha mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, vidole vyote vikifumba, kisha akaurudisha mapajani, na ule mwingine ukaendelea. Faith alimletea soda. Usiku wa siku hiyo ndipo aliposikia ting nyumbani kwake.

Na Jumatano, baada ya Shehe kujifunika shuka, alikwenda tena. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote. Alikwenda tena, akaonyesha kuvuta mara tatu, mkono mmoja ukirudi kifuani na kilichoshikwa, akaketi.

"Kesho unamalizia na kuachia," Faith alisema jioni, "halafu tumemaliza. Hizi za leo nazituma usiku huu."

Jioni hiyo Ubeid, mtoto wa miezi minane ambaye hajajua hata kupiga makofi, aliketishwa mkekani akaigeukia kona ya kabati, akainua mkono wa kulia. Kiganja chini. Vidole vinne vidogo vikachota hewa.

"Usifanye hivyo," Sumaiya alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Ubeid. Wacha."

Ting.

Kile kiganja kikafumba, kama mtoto anavyofumba anapopewa kidole cha mtu mzima akishike. Hakikufumbuka tena.

Alijaribu kukifungua kwa kumtekenya. Kwa maziwa. Kwa maji ya vuguvugu. Alijaribu kwa nguvu, Mungu amsamehe, akitia ukucha wake chini ya kidole gumba, na mtoto hakulia, hakulia kabisa, yeye ambaye hulia kwa kuwekwa chini; alimtazama mamake tu kisha akarudisha macho kwenye kona. Usiku ule mkono uliofumba uliinuka taratibu ukakaa wima, juu ya godoro, na Ubeid amelala fofofo. Sumaiya aliushusha. Ukainuka. Aliushusha akaulalia kwa kifua chake, na alfajiri alipoamka ulikuwa umeinuka.

Alhamisi hakwenda kazini. Alikwenda zahanati, akapanga foleni tangu asubuhi, na muuguzi, mwanamke mpole, alihangaika na kile kingumi mpaka jasho likamtoka. "Joto hana. Ananyonya?" "Tangu jana hanyonyi." "Na hii alama ya mkononi ni ya nini, mmemfunga kamba?" Sumaiya akatazama. Kuzunguka kifundo cha mwanawe palikuwa na duara la rangi ya hina, upana wa kidole, na lilizunguka mara mbili. Aliandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa siku inayofuata. Faith alimpigia simu mara sita njiani, hakupokea.

Usiku wa Alhamisi alimfunga mtoto kifuani kwa leso mbili, mafundo matatu, akaketi ameegemea mlango, taa ya chaji mbele yake, akaapa hatalala, na hakulala, ndiyo maana aliona yote, aliona taa ikififia bila kuzima, akasikia ting kwenye kona, halafu ting karibu na meza, halafu ting pembeni ya godoro, polepole, kama mtu mwenye adabu anayepiga hodi kila hatua, na harufu ya hina ikajaa mpaka akaionja ulimini, na kile kingumi kikatoka ndani ya leso kikainuka, mkono ukanyooka, bega likafuata, na leso zikaanza kumkaza mgongoni kwa sababu mtoto mzima alikuwa anavutwa juu, uzito wake wote ukamtoka kifuani, na yeye akamkumbatia kwa mikono miwili akivuta chini na kitu kile kikivuta juu, bila haraka, bila chuki, kwa ustadi tu, kama alivyokionyesha, mara tatu, na kikafanya chenyewe mara mia mbili na tisini na saba.

Fundo la kwanza lilifunguka. La pili likafunguka.

Mlango ukasukumwa mgongoni mwake. "Sumaiya! Mbona umeukaza?" Shehe alikuwa ameomba ruhusa mapema, moyo haukumtulia. Alipenya kwa upande, akaona mkewe magotini, akaona mtoto wake, na chini ya mtoto wake akaona hewa. Hakusema habari ya simu ya jirani. Alimdaka mwanawe miguu, wakamvuta pamoja mpaka kulipopambazuka, na mwangaza ulipoingia dirishani uzito ukarudi ghafla, wakaanguka wote watatu.

"Sikukusikiliza," Shehe alisema.

"Niliita, Shehe. Mimi ndiye niliyeita."

Asubuhi hiyo hiyo walikuwa Msambweni kwa pikipiki ya kuazima, kwa Bi Kahaso, mganga ambaye watu humwogopa kwa ulimi wake kuliko kwa dawa zake. Walimkuta uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu, na hakuinua hata macho.

"Shikamoo, Bi Kahaso."

"Marahaba. Mwanamume, nenda ukachunge pikipiki yako."

"Lakini mtoto ni—"

"Kuna moja imeibiwa hapo juzi. Nenda."

Shehe akaenda. Bi Kahaso akakamata kingumi cha Ubeid, hakujaribu kukifungua, alikinusa tu.

"Kwenu kuna harusi?"

"Imepita, bibi."

"Huyu aliyemshika mtoto hajapita. Sema. Na ukinidanganya utarudi na mtoto wako kama ulivyomleta, mimi nina korosho za kumaliza."

Sumaiya akasema yote kwa pumzi moja, miwani, mpira, piko, magharibi, mapaja, soda, yote, na mganga akaendelea kubangua, tak, tak, tak, mpaka aliposikia hesabu ya mara tatu. Nyundo ikasimama.

"Alikuja mwenyewe?"

"Nilimwita."

"Akakufanyia kazi, mikono yako iko wapi?"

"Mapajani."

"Ukamfundisha kuita. Ukamfundisha kushika. Ukamfundisha kuvuta." Alihesabu kwa vidole vyeusi. "Kuachia je?"

Kuachia kulikuwa kwa Alhamisi.

"Unaona ujinga wako? Hana ubaya, huyo. Ni mtumishi. Anafanya alichoonyeshwa, na amemshika wa kwanza aliyemwona, aliyekuwa mbele yako, na ataendelea kuvuta mpaka amfikishe kwake, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha jingine." Akachukua masizi chini ya chungu, akampaka mtoto nyayo mbili. "Haya yatamfanya mzito mpaka magharibi. Rudi pale pale ulipomwitia. Umwonyeshe kuachia kwa mkono wako mwenyewe, mbele ya macho yale yale ya mashine aliyokujia kwayo. Usimwache akutangulie."

"Mashine haiuoni mkono wangu, bibi."

"Hayo ya mashine mimi siyajui. Na sikiliza hili kuliko yote." Sauti yake ilishuka. "Akienda, asitajwe. Ninajua mimi, unajua wewe, na atajua atakayekuwamo chumbani. Mtu mwingine akisimuliwa, kusimulia kwako ni kuita tena. Atakuja, na mlango anaoujua ni mtoto huyu."

Shehe waliyemkuta nje walimwambia ni degedege. Hakuamini, lakini hakuuliza.

Sumaiya alimwacha mumewe chini na pikipiki, akazipanda ngazi za ofisi mbio saa kumi na moja na nusu, kwa sababu darajani lori lilikuwa limekwama likaziba njia, na lori likishakwama hukwama kama lina kisasi na wewe. Faith alikuwa peke yake.

"Umeamua kurudi! Nimepiga simu mpaka—" Akamwona mtoto. Kingumi kimeinuka juu ya kichwa kama cha mtu anayening'inia. "Mama Ubeid. Anashikilia nini?"

"Nipe miwani."

"Anashikilia nini?"

"Dada Faith, kwa Mungu nipe miwani, nitakueleza, keti umshike kiunoni, umkaze, na usimwachie hata ukisikia nini."

Faith alimshika. Sumaiya akavaa, ukumbi mweupe ukafunguka, na ule mkono tayari ulikuwa pale. Haukuwa na haja na mpira. Ulikuwa umefumba, umeinama kidogo kwa chini, mahali ambapo nje ya miwani palikuwa na mwanawe, na ndani ya ngumi yake mlikuwa na ngumi nyingine ndogo ya kijivu ambayo hakuna aliyeichora.

Aliinua mkono wa kulia, akafumba, akafumbua. Achia. Kimya. Vidole vilikatika penye maua. Achia. Kimya. Alifumbua taratibu, alifumbua haraka, aliuleta karibu, aliugeuza kiganja juu, kidole gumba kikaruka kikarudi, na mashine, mashine ile aliyoibembeleza juma zima, ikamchorea mkono uliovunjika na kumnyamazia. "Nione!" alipiga kelele. "Nione, mjinga wee, nione!" Achia. Achia. Nyuma yake Faith alikuwa ananong'ona, "Anakuwa mwepesi, Mama Ubeid, anakuwa mwepesi, miguu yake haiko tena mapajani mwangu," na kwenye kona ya jicho weupe ulianza kuingia wekundu, magharibi inafika, na muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti kama anavyokohoa siku zote kabla ya kuanza, na ule mkono wenye pingili za ziada ukarudi nyuma kidogo, ukavuta, na ngumi ndogo ikaufuata, na Sumaiya akasugua mkono wa kulia kwenye dera lake mpaka ngozi ikachubuka, akauinua tena, ua jeusi lile lile, kimya kile kile, na ndani ya hasira ile iliyokuwa sasa si hasira bali kilio akamsikia Faith wa Jumatatu akisema si mkono ni mkono, na mamake akisema haumwiti mtu, haumpi mtu, haupokei cha mtu.

Haupokei. Haumpi. Haumkaribishi mtu.

Basi huyu si wa kukaribishwa.

Akainua mkono wa kushoto. Ule mtupu, uliombeba Ubeid harusi nzima, ambao maisha yake yote hakuwahi kumnyooshea mtu. Ndani ya miwani ulitokea mara moja, mzima, vidole vitano, safi. Akaufumba mbele ya ile ngumi, akautikisa uonekane vizuri, na akaufumbua kwa kuusukuma mbele, kwa utovu wote wa adabu alioweza kuupata.

"Achia. Nenda."

Ting.

Ule mkono ulisimama. Pingili ya mwisho ya kidole cha mwisho ikatetemeka, kama mwanafunzi anayetafakari. Akaonyesha mara ya pili. Ting. Mara ya tatu. Ting. Kisha kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu, ukamwiga, ukafumbuka.

Alisikia mtu akianguka na kiti, na mtoto akalia. Kilio kile cha kukata maini, kilio kizuri kuliko vyote duniani. Alipoivua miwani Faith alikuwa sakafuni, Ubeid juu yake, mzito, mwekundu kwa hasira, vidole vyake vitano vimefunguka vikitafuta titi. Kwenye kiganja chake kidogo palikuwa na ua moja la hina, bichi, bado limelowa.

Walikaa sakafuni muda mrefu, wameegemea kabati, mtoto ananyonya. Sumaiya alimweleza Faith aliyokuwa hajayaelewa, kwa sauti ya chini, mara moja tu, na alipomaliza Faith hakuwa na mzaha. Alikuwa anaitazama kompyuta.

"Nilizituma," alisema.

"Nini?"

"Za Jumatano. Kuita, kushika, kuvuta. Zote. Walinijibu jana. Walisema hawajawahi kupata mkono msafi hivyo. Za wengine wamezitupa, Mama Ubeid. Wanatumia hizo peke yake, wanazitia kwenye miwani zote mpya, za kila mahali. Mtu akivaa, ndio mkono atakaofundishwa kuitia."

"Na kuachia?"

"Sijatuma kuachia. Walisema hawana haja, wanayo ya kwao."

Chini dukani mtu alishusha mabati, yakapiga kelele, wote wawili wakaruka.

"Waandikie," Sumaiya alisema. "Waambie wazifute."

"Nitawaambia ni kwa nini?"

Sumaiya alifungua mdomo. Alifikiria kina mama wasiojulikana, vyumba visivyojulikana, watoto waliolazwa kwenye kona huku wakubwa wao wamefunikwa macho na wanachota hewa kwa adabu. Alifikiria barua: wapendwa, ule mkono si wangu. Na ndani ya fikira ile, kabla haijawa hata neno moja, Ubeid aliacha kunyonya. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea kona. Vidole vyake vya kulia vikainuka, kiganja chini.

Sumaiya akafumba mdomo. Akakitia kile kiganja ndani ya chake, akakibana.

Mtoto akarudi kwenye titi.

Faith alikuwa ameona. "Basi tusiseme," alinong'ona, akanyoosha mkono wapeane ahadi.

Sumaiya hakuutoa wake. Yote miwili ilikuwa chini ya leso, imemshika mwanawe.

"Kwa mdomo tu, dada Faith. Sema."

"Simwambii mtu mwingine."

"Nami," Sumaiya alisema, bila kuitazama ile kona, "wallahi, simwambii mtu mwingine."